Mshale ulionyooka si lazima uwe mzima: ukunje kwanza

Mkuu, usiirushe hiyo mishale kesho. Unasema umemaliza kuchonga seti yako ya kwanza, umeiviringisha juu ya meza yote ikaenda bila kuyumba, sasa unachotaka kujua ni gundi gani ya manyoya, rangi gani ya mti na chembe, yaani vile vichwa vya mbele vya mshale, za uzito gani. Nilipofika pale ulipoandika "yote imenyooka, iko tayari", kiganja changu cha kushoto kilianza kuuma upya.

Kunyooka na uzima ni vitu viwili tofauti kabisa. Mti unaweza kunyooka kama rula na nyuzi zake za ndani zikawa zimeshakatika.

Mimi nilifundishwa na mtu aliyejiita mwalimu wa upinde na kulipwa kwa jina hilo. Somo lake zima la ukaguzi lilikuwa hili: fumba jicho moja, tazama mshale kwa urefu, ukiwa umenyooka rusha. Siku hiyo mshale wangu mmoja ulikosa shabaha ukagonga jiwe. Nilipouokota nikaona kimstari chembamba kama unywele, kinakatiza mti badala ya kufuata urefu wake, mbele kidogo ya manyoya. Nikampelekea. Akapitisha kidole juu ya vanishi, akasema ni mkwaruzo tu, piga.

Nikapiga. Mshale ulikatikia palepale kwenye kimstari. Kipande cha mbele kilianguka hatua chache tu. Kipande cha nyuma kilikuwa bado kinasukumwa na kamba, na mkono ulioshika upinde uko njiani. Kibanzi kiliingia chini ya kidole gumba kikatokeza upande wa pili. Kukitoa kile kikubwa ilikuwa kazi ndogo. Vilivyobaki ndani ndivyo vilivyonitesa, maana mti mara nyingi hauonekani vizuri kwenye eksirei, ikabidi nipasuliwe na vitafutwe kimojakimoja. Mpaka leo gumba halikunji lote. Na yule bwana akaja kuniambia eti mishale ya mti ndivyo ilivyo, ni bahati mbaya! Bahati mbaya gani wakati dalili aliigusa kwa kidole chake mwenyewe? Bado ana wanafunzi, na hilo linaniuma kuliko gumba.

Elewa kinachotokea. Ukiachia kamba, nguvu yote inaingia kwa nyuma ghafla huku chembe mbele bado imetulia, kwa hiyo kila mshale wa mti hupinda kwanza ndipo uende. Kama umegonga kitu kigumu, nyuzi zake huenda zilishapondeka upande mmoja, na kimstari kile cha kukatiza ndicho alama yake. Kule kupinda kunakufungulia jeraha hilo sentimita chache kutoka kwenye mkono wako.

Kwa hiyo ukunje wewe kabla kamba haijaukunja. Vaa miwani. Shika mshale karibu na chembe kwa mkono mmoja na karibu na manyoya kwa mwingine, upeleke mbali na uso, kisha ukunje taratibu kiasi cha sentimita 2 au 3. Zungusha robo, ukunje tena, hadi umalize mzunguko. Sikiliza. Mti mzima uko kimya na unarudi wenyewe. Wenye ufa unatoa "tk" ndogo, au unahisi mahali pamoja panalegea. Halafu uvute ndani ya kitambaa cha pamba, maana uzi wa kitambaa unanasa pale jicho lilipopitiwa. Mimi nafanya hivyo kwa kila mshale kabla haujagusa kamba, hata ule niliourusha dakika tano zilizopita ukatua vizuri. Wenzangu wananiita daktari wa vijiti. Sawa, waniite, foleni isubiri.

Mshale uliolia "tk" uvunje vipande viwili hapohapo. Ukiurudisha kwenye podo, kesho utauchomoa mwenyewe ukiwa umesahau, au mtoto atauchukua.

Tazama pia mpasuo wa nyuma unaokaa kwenye kamba. Uwe umekata nyuzi za mti, usizifuate, na chini yake pafungwe uzi. Ukipasuka wakati wa kuachia, kamba inakwenda bila mshale na upinde wenyewe unaweza kuvunjika. Na mti ambao nyuzi zake zinatokea ubavuni baada ya urefu mfupi tu, badala ya kwenda sambamba na mshale, usihangaike nao.

Ya uzito wa chembe watakujibu wengine. Kuhusu rangi, usipake chochote kabla hujaikunja yote, na ukipaka iwe vanishi isiyo na rangi, ili siku mshale ukigonga jiwe ukione kile kimstari.