Hitisinki ya AM4 imegandia prosesa: usiivute juu, ipashe moto kisha izungushe

Mkuu, umeeleza kwamba mashine ni ya prosesa ya AMD, soketi AM4 (soketi ni kikalio cha prosesa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu), inajizima kwa joto, feni ni ile ya mviringo iliyokuja na prosesa, skrubu nne zote umeshafungua lakini hitisinki (kile chuma cha mapezi kinachopoza prosesa) haitikisiki, na sasa unafikiria kuitekenya na bisibisi bapa. Iweke chini hiyo bisibisi kwanza. Kuzunguka soketi kuna njia za shaba nyembamba kama unywele, zimefunikwa na rangi tu. Ncha ya chuma ikiteleza hapo inazikata, na kuziunganisha tena ni kazi ya darubini.

Wala usiivute juu kwa nguvu. Hapo ndipo AM4 nyingi zinapoharibikia. Kwenye soketi hii pini ziko kwenye prosesa yenyewe, 1331 kwa hesabu, na soketi inazibana ubavuni tu. Ule mkono mdogo wa chuma wa pembeni hauna kifuniko kinachoishikilia prosesa kwa juu. Sasa pesti, ule ute wa kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, iliyokaa miaka mingi imepoteza mafuta, imeshikana kama tope lililokauka, na kati ya vile vyuma viwili hakuna hewa. Ukivuta wima unapambana na hiyo pesti pamoja na mgandamizo wa hewa ya nje. Kwa eneo la sentimita za mraba 14 hivi, hata hapa Arusha kwenye mita 1,400 ambako hewa ni nyepesi kidogo, hizo ni zaidi ya kilo 10. Soketi inaachia kabla ya pesti. Prosesa inachomoka mkono wa soketi ukiwa bado umefungwa, na ikitoka kimshazari, pini za upande mmoja zinalala.

Ila pesti hiyohiyo ikipata moto haistahimili kusukumwa kwa ubavu. Kazi yote iko hapo.

Kwa hiyo rudisha skrubu zote nne, kaza kiasi, hakikisha waya wa feni umechomekwa kwenye mazabodi palipoandikwa CPU_FAN. Washa mashine, ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows), iache hapo dakika 10 hadi 15. Ndani ya BIOS prosesa kwa kawaida haipumziki kama inavyopumzika kwenye Windows, kwa hiyo joto linapanda lenyewe, na namba unaiona kwenye skrini. Nyuzi 55 hadi 65 zinatosha. Usichomoe feni ili upate moto wa haraka: Ryzen (prosesa za AMD) nyingi za AM4 ukomo wake ni nyuzi 95, na yako tayari ina shida ya joto. Asubuhi za Juni na Julai, chumba kikiwa na baridi, ongeza dakika tano, na uwe na vifaa vyote tayari mezani kwa sababu alumini inapoa upesi.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ili umeme uliobaki uishe. Kama umevaa sweta, livue, kisha gusa chuma kitupu cha keisi. Laza keisi kwa ubavu, mazabodi itazame juu. Skrubu za feni hii zinaingia kwenye bati lililo nyuma ya mazabodi; keisi ikiwa imesimama, skrubu ya mwisho ikitoka bati linadondoka. Keisi nyingi zina tundu kubwa kwa nyuma, kwa hiyo unaweza kulishikilia kwa kidole.

Chomoa waya wa feni, halafu legeza skrubu kwa mshazari, mizunguko miwili miwili kila moja, mpaka zote ziachie. Shika mapezi ya alumini, si plastiki ya feni. Zungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, nyuzi tano hivi kila upande. Usinyanyue bado. Mwanzoni utasikia inanyumbuka na kurudi, kama kitu kilichonasa kwenye ulimbo. Endelea taratibu bila kushtua, nusu dakika hadi dakika nzima. Kisha utaona ule ukinzani unapungua kwa mkupuo na hitisinki inaanza kuteleza. Ongeza mzunguko hadi nyuzi 15 au 20, na hapo ndipo unanyanyua, ukianzia ukingo mmoja, huku mkono bado unazungusha. Ikigoma, irudishe kwenye moto. Usiongeze nguvu, hata kama ni mara ya tatu.

Kwa mashine isiyowaka kabisa, draya ya saluni inafanya kazi hiyohiyo. Ielekeze kwenye mapezi ya alumini kwa dakika tatu hadi tano, ukiwa umeshatoa feni ya plastiki kama inafunguka, na usiiache ikipuliza sehemu moja ya mazabodi.

Ikitokea prosesa imetoka pamoja na hitisinki, usiiweke mezani pini zikiwa chini. Shika hitisinki juu chini, prosesa ikitazama juu, ipashe kwa draya, halafu isukume kwa ubavu ukiwa umeikamata kwenye kingo za ubao wake tu. Uzi wa kusafishia meno, au nailoni nyembamba ya mshipi wa samaki, ukipitishwa katikati kama msumeno unasaidia sana. Kisha kagua pini kwa kamera ya simu: tazama mstari mmoja mmoja kutoka pembeni, upande wa kwanza na wa pili. Iliyopinda inaonekana upesi kwa sababu inavunja mstari. Inyooshe kwa penseli ya kubofya ya 0.7 isiyo na risasi: ingiza pini kwenye tundu la ncha, isukume kidogo, angalia, rudia. Kadi ya benki inayopita kati ya mistari inafaa pale pini nyingi zimelala pamoja. Pini inavunjika kwa kupindwa huku na huku, kwa hiyo ikinyooka kiasi cha kuingia soketini yenyewe, iache hivyo. Wakati wa kurudisha, inua mkono wa soketi mpaka mwisho, linganisha pembetatu ya dhahabu na alama ya soketi, prosesa idondoke kwa uzito wake bila kusukumwa, ndipo ufunge mkono.

Kusafisha pesti tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ukiagiza duka la dawa soma chupa, maana spiriti za kupaka ngozi nyingine zina mafuta yanayobaki juu ya chuma. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha iache, inakula plastiki. Karatasi ya kuchujia kahawa ni nzuri kuliko pamba, haiachi nyuzi. Pesti ikiwa imeingia kati ya pini, mswaki laini wenye alkoholi unaitoa, na usirudishe prosesa mpaka ikauke kabisa.

Pesti mpya iwe tone la milimita nne hadi tano katikati, basi. Usiitandaze kwa kidole. Kaza skrubu kwa mshazari, nusu mzunguko kila zamu, mpaka zigote. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, hitisinki inainama na pesti inakimbilia upande mmoja.

Wenye Intel kuanzia soketi ya LGA 775 hawana hatari hii ya prosesa kuchomoka, kwa sababu soketi yao ina fremu ya chuma inayoikandamiza prosesa, na pini ziko soketini. Feni ya kiwandani ya Intel ina miguu minne ya plastiki: zungusha kila mguu robo mzunguko kufuata mshale, uvute juu, kisha zungusha hitisinki kama nilivyoeleza. Hatari yao inakuja baada ya hapo, kitu kikidondokea soketi iliyo wazi. Na laptopu msiizungushe hivi kabisa. Silikoni yake haina kifuniko cha chuma na inamenyeka pembeni. Legeza skrubu kwa mpangilio wa namba zilizoandikwa kwenye bati, iwe ya vuguvugu, halafu nyanyua sambamba.

Ukimaliza, ingia BIOS tena na uangalie joto kwa dakika tano. Likipanda mpaka 80 ndani ya dakika ya kwanza, zima: mara nyingi skrubu moja haijashika bati la nyuma. Likitulia chini ya lile la mwanzo na mashine haizimi, funga keisi.