Kunde zifanyiwe usanisinuru wa mahindi? Kuna njia fupi zaidi

Ndugu uliyeuliza kwa nini kunde zetu za Pwani zisitiwe jeni za mahindi ili zihimili joto la kaskazi, njia hiyo ndiyo ndefu kuliko zote. Inua jani la muhindi na la mkunde kwenye mwanga: mishipa ya muhindi imebanana, na kila mshipa umezungukwa na seli ambamo hewa ya ukaa husukumwa hadi ijae. Huko ni kulijenga jani upya.

Tuanze na hasara yenyewe, ambayo muhindi huikwepa kwa jani lake hilo. Rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa, mara nyingine hunasa oksijeni, na joto likipanda hukosea zaidi. Hapo huzaliwa glikoleti, taka ambayo mmea lazima uisafishe, na kuisafisha hupitia vyumba vitatu vya seli, yaani kloroplasti (panapofanyika usanisinuru), peroksisomu na mitokondria, kaboni na nishati zikipotea njiani. Watafiti wa Illinois, Marekani, walitia njia ya mkato ndani ya kloroplasti ya tumbaku: kimeng'enya kimoja cha mwani, kingine cha boga. Matokeo ya 2019: uzito wa mmea shambani ulizidi kwa zaidi ya 40%.

Mambo matatu huharibu kazi hii. Jeni ikikosa kipande cha kuipeleka protini kwenye kloroplasti, protini hubaki nje na haisaidii kitu. Ukitumia kimeng'enya kinachotoa peroksidi ya haidrojeni, lazima uongeze katalesi, kimeng'enya kinachoivunja peroksidi hiyo, la sivyo jani linaungua. Na mlango wa kutoa glikoleti kwenye kloroplasti, PLGG1, upunguzwe nguvu. Ukiachwa wazi, glikoleti hutoroka kabla ya kufika kwenye njia mpya.

Kunde ni ngumu kutiwa jeni maabara, ila inawezekana: Nigeria iliidhinisha kunde zenye jeni ya kuzuia kiwavi wa maganda mwaka 2019. Hukatwa kiini cha mbegu, kikaloweshwa kwenye agrobakteria (bakteria wa udongo anayeingiza jeni kwenye mimea) iliyobeba jeni, kikalazwa nayo siku 2 au 3, kisha kikahamishiwa kwenye chakula chenye dawa inayoua seli zisizopokea jeni. Tatizo kubwa ni chipukizi la viraka, upande umepokea na upande haukupokea. Kwa hiyo usihukumu mche wa kwanza. Pima watoto wake.

Shambani, linganisha na ndugu wa mama mmoja waliokosa jeni, wala si mbegu ulizonunua soko la Kongowea. Panda mistari ya pembeni usiyoipima, maana mmea wa ukingoni hupata mwanga mwingi kuliko wenzake. Halafu pima maganda na mbegu kavu. Ile 40% ni ya mmea mzima wa tumbaku, na mkunde unaweza kunenepa majani tu usizae zaidi.