Zabibu za kilimo hai

Swali: Shikamoo bibi shamba, mi nina ekari moja ya zabibu hapa Dodoma, nasikia kule Champagne, Ufaransa, kuna familia zinatengeneza wine ya mapovu kwa kilimo hai, sasa ubwiri, huu ugonjwa wa ukungu, wanauzuia na nini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Wanatumia salfa na mrututu, ndo ule ule wa bluu unaoujua, wenye shaba ndani, ila wanapima kweli kweli maana sheria ya Ulaya inaruhusu shaba kilo 28 tu kwa hekta ndani ya miaka 7, shaba haiozi, inabaki kwenye udongo na minyoo inateseka. Kule mvua inanyesha hata kiangazi, ukiona jani lina doa la njano kama tone la mafuta, geuza chini, ukikuta vinyoya vyeupe ujue ubwiri umeshaingia, kwahiyo wanakagua mstari kwa mstari na kupunguza majani upepo upite. Magugu wanapalilia. Miaka 3 ya kubadilisha shamba ndo migumu, gharama ziko palepale na zabibu bado hawaruhusiwi kuziuza kama za kilimo hai, halafu chupa nayo inalala angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa. Wewe una miezi mingi mikavu mwanangu, hiyo ni bahati kubwa sana, anza na mistari michache msimu huu.