Usinunue "mara 30": kamera ndogo yenye zumu ya kwendea mbugani

Kazi yangu ni kuendesha na kuongoza watalii, makao Arusha, na imenipa nafasi ambayo wauza kamera wengi hawana. Naona kamera za watu zikifanya kazi siku nzima: kwenye vumbi, kwenye jua la saa 7 mchana, kwenye mwanga hafifu wa alfajiri, gari likitikisika. Jioni wageni wakikaa kutazama walichopiga, najua nani atafurahi na nani atanyamaza. Mara nyingi jambo hilo liliamuliwa dukani, muda mrefu kabla hajafika lango la hifadhi.

Mgeni wa siku hizi, na hapa nazungumzia hasa Watanzania wenzangu wanaokuja na familia sikukuu za Desemba, hataki begi la lenzi. Anataka kitu cha kuingia mfukoni, kinachovuta mbali na kupiga picha nzuri kuliko simu. Hata anayeruka kwa ndege ndogo hadi Serengeti yuko hivyohivyo, maana mzigo wake wote hautakiwi kupita kilo 15. Basi anaingia dukani, anakuta kamera mbili zinazolingana umbo. Moja imeandikwa zumu mara 30, nyingine mara 8, na ile ya mara 30 ndiyo ya bei nafuu. Anaondoka na mara 30.

Simlaumu, namba kubwa inavutia. Lakini hiyo "mara" haisemi kamera inafika mbali kiasi gani. Ni kugawanya tu: urefu wa lenzi ikivutwa hadi mwisho, gawanya kwa urefu wake kabla ya kuvutwa. Panasonic TZ99 ni milimita 24 hadi 720, hivyo ni mara 30. Sony RX100 ya kwanza kabisa, ya mwaka 2012, ni 28 hadi 100, ambayo ni mara tatu na nusu hivi. Canon V1 iliyotoka 2025 inaanzia 16 na kuishia 50. Hiyo ni mara 3, na mbugani haikufikishi popote, kwa sababu imelenga zaidi watu wanaojirekodi video wenyewe. Soma milimita, na macho yako yaende kwenye namba ya mwisho. (Milimita zote ninazotaja ni zile zilizolinganishwa na kamera ya filamu ya milimita 35, kama zinavyoandikwa kwenye maelezo ya bidhaa. Kwenye uso wa lenzi yenyewe utakuta namba ndogo zaidi, kwa mfano 9.0-72 kwenye RX100 VI. Usishtuke, ni lenzi ileile ya 24-200.)

Milimita ngapi zinatosha? Inategemea unamfuata nani. Tembo wa Tarangire wanakuja hadi kando ya gari, 100 inawatosha na wakati mwingine ni nyingi. Simba aliyelala karibu na barabara kule Seronera, au chui juu ya mwegea, anataka kama 200. Faru wa Ngorongoro ni habari nyingine. Kule chini kreta gari haliruhusiwi kuacha barabara, na faru naye hana haraka ya kutusogelea. Kwa 200 utapata umbo la kijivu kwenye majani. Kwa 400 unaanza kuona kwamba lina pembe. Wanaopenda ndege wadogo waanzie 600, na hao ndio watu pekee ninaowaambia bila kusita kwamba TZ99 au ndugu zake inawafaa, mradi wapige jua likiwa limeshachomoza.

Kwa nini nasisitiza jua? Hapa ndipo pesa ya mtu inapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndani ya kamera kuna kihisi, kile kibao kidogo kinachopokea mwanga. Kihisi cha TZ99, na cha karibu kila kamera ya mfukoni yenye zumu ya kutisha, kina upana wa milimita 6 na kidogo kwa kimo cha 4.5 hivi. Kamera za daraja la juu kidogo zina kihisi kinachoitwa cha inchi moja, ambacho ni milimita 13.2 kwa 8.8. Usitafute inchi hapo, hesabu hiyo imerithiwa kutoka mirija ya kamera za televisheni za zamani. Cha kushika ni kwamba eneo lake ni takribani mara nne ya kile kidogo. Mchana kweupe, picha mbili ukiziangalia kwenye kioo cha simu hutaona tofauti ya maana. Saa 12 na robo asubuhi, simba wakiwa bado kwenye mzoga wa nyumbu na jua halijatoka, tofauti inaonekana hata kwa mtoto. Manyoya ya simba kwenye kihisi kidogo yanakuwa kama uji, kwa sababu kamera imeona chenga nyingi, vile vidoa vya mwanga hafifu, na kujaribu kuzifuta.

Halafu kuna tundu la lenzi, ile namba inayoandikwa na herufi f. Namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi. Sanduku litakuandikia kwa fahari f/1.8, lakini hiyo ni kabla hujavuta. RX100 ya kwanza ina f/1.8 pale mwanzoni. Ukiivuta hadi 100 inabaki na f/4.9. Panasonic TZ200, ambayo ina kihisi cha inchi moja na inafika 360, mwishoni inabaki na f/6.4. RX100 VI na VII, zinazoishia 200, mwishoni zina f/4.5. Ukiziangalia 4.5 na 6.4 zinaonekana jirani, kumbe f/4.5 inapitisha mwanga mara mbili. Mwanga ukipungua kamera ina njia mbili tu: ipandishe ISO, yaani iukuze ule mwanga mdogo, upate chenga, au ipunguze kasi ya shata, yaani iache mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi, upate picha yenye ukungu. Na wewe uko ndani ya Land Cruiser yenye watu sita, mmoja wao anahama kiti.

Kwa hiyo ukiambiwa kamera, uliza mambo matatu na yote yawe ya mwisho wa lenzi: inaishia milimita ngapi, ikiwa huko inabaki na f ngapi, na kihisi ni kikubwa kiasi gani. Mwanzo wa lenzi usikusumbue. Kazi ya karibu simu yako inaimaliza, tena vizuri. iPhone 15 Pro Max inafika 120 kwa lenzi halisi, na Samsung S23 Ultra ina lenzi ya mara 10 inayofika kama 230. Mwenye simu ya namna hiyo akija kuniuliza kuhusu Canon G7 X Mark II au III, zinazoishia 100, au RX100 III inayoishia 70, namwambia ni kamera nzuri sana za harusi, za ukumbini, za watoto nyumbani usiku, maana zinabaki na f/2.8 hata zikivutwa. Kwa Serengeti namshauri abaki na pesa yake.

Mimi natumia TZ100, ya mwaka 2016, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kihisi cha inchi moja, milimita 25 hadi 250, mwishoni f/5.9. Mwisho huo wa giza unanikera asubuhi. Wageni wenye RX100 VI au VII wakinipa kamera niwapigie, nahisi wivu kidogo: inalenga haraka, na ile VII hata hufuata jicho la mnyama, ina gramu 300 hivi tu, na picha ya saa 12 na nusu inatoka safi. Lakini RX100 VII ilipotoka 2019 ilikuwa dola 1,200, na kwa mshahara wangu na bahashishi za msimu mmoja siwezi kuiweka kwenye dashibodi ya gari na kulala usingizi. TZ99 ilitoka 2025 kwa kama dola 500. Katikati ya hizo mbili ndipo ninapowaelekeza watu wengi: TZ100 au TZ200 iliyotumika, kihisi kikubwa, lenzi inayofika mahali.

Utashangaa nakusukumia kamera za zamani. Hali ya soko ndiyo hiyo. Kwa hesabu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japan, mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za lenzi isiyobanduka zaidi ya milioni 100. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Simu zilikula soko lote, viwanda vikaacha kuhangaika na kamera za mfukoni, na Sony tangu RX100 VII haijatoa mrithi wake. Sasa vijana wa TikTok wamezipenda tena, hasa G7 X, na bei za mitumba zimepanda bila kamera zenyewe kubadilika. Kama unaitaka hiyo kwa sababu ya video uliyoiona mtandaoni, subiri upepo upite.

Jambo moja ambalo wanaopima kamera katika nchi zenye mawingu hawalipi uzito: kitundu cha kuchungulia. Saa 6 mchana kwenye nyanda za Ndutu kioo cha nyuma kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia uso. Humwoni duma, unajiona mwenyewe na kofia yako. TZ95 ya 2019 ilikuwa na kitundu. Kwenye TZ99 wamekiondoa, na kwangu hilo peke yake lingetosha kunifanya nitafute ya zamani. Cha TZ100 ni kidogo na rangi zake zinacheza, lakini kipo. Na ukikibana kwenye jicho, kamera inatulia zaidi kuliko ukiishika kwa mikono iliyonyooshwa.

Sasa vumbi. Nyanda za majani mafupi za kusini mwa Serengeti udongo wake umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na Oldoinyo Lengai. Ni vumbi laini kama unga wa sembe, linaingia kila mahali. Kamera yenye lenzi inayotoka na kurudi hufanya kazi kama pampu: kila ukivuta inanyonya hewa, na hewa ya huku haiji peke yake. Punje ikitua kwenye kihisi utaiona kama doa la kijivu angani katika kila picha, hasa ukivuta hadi mwisho. Kwa kamera za kubadilisha lenzi unaifungua na kusafisha. Hizi ndogo hazifunguki, lazima fundi aivunje yote, na fundi anayejua si wengi. RX100 na TZ zote hazina kinga ya vumbi, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kwa hiyo gari likitembea, izime, lenzi irudi ndani, na kamera ikae ndani ya kopo la chakula lenye mfuniko wa kubana. Wageni wananicheka kwa lile kopo. Gari likisimama, ngoja vumbi letu wenyewe litupite kwanza, ndipo uitoe. Ukiona punje kwenye kioo cha mbele usipulize kwa mdomo, mate yanabaki. Tumia kipampu cha mpira.

Na mwombe dereva azime injini. Madereva wenzangu wengine mpaka waambiwe. Dizeli ikinguruma, kituliza mtikisiko cha kamera kinapigana vita ambayo kwenye 250 hakiishindi. Beba soksi nene iliyojazwa maharage, uilaze kwenye ukingo wa dirisha au wa paa, kamera juu yake. Mchana ukiona hewa juu ya nyasi inacheza kwa joto, acha kumpiga mnyama wa mbali. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayopenya hayo mawimbi. Ni saa ya kula.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda mchana na betri iwe imejaa. Washa, vuta hadi mwisho na urudishe, rudia mara kadhaa huku sikio likiwa karibu. Ukisikia mchanga unasagika, au lenzi ikisita katikati, hapo hapo irudishe. Kisha weka f/8, vuta hadi mwisho, piga anga tupu au ukuta mweupe, na uikuze picha kwenye kioo utafute madoa. Angalia pazia dogo la mbele ya lenzi kama linafunguka lote. Ingia kwenye menyu uhakikishe lugha: kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japan mara nyingi zina Kijapani pekee, na zinafika huku. Uliza pia chaja. TZ100, TZ200 na RX100 VII zinachajiwa kwa ile USB ndogo ya simu za zamani, wakati TZ99 inatumia USB-C kama simu yako. Betri ya ziada usiiache; kwa siku ya kuingia hifadhini alfajiri na kutoka jioni, moja haifiki, hasa ukitumia kitundu na kurekodi video.

Muuzaji akikwambia huwezi kuijaribu mpaka ulipe, kuna wauzaji wengine.