Kwa dada wa Gungu anayerudiwa na fangasi kila mwezi

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema una miezi mitano unawashwa, ukiweka vidonge vya kuingiza muwasho unatulia wiki mbili halafu unarudi palepale. Shoga yako kakushauri uweke kitunguu saumu, na baba watoto ameanza kukutazama kwa jicho la pembeni. Nimeona pia waliokujibu kabla yangu: watatu kati ya watano wanauza dawa za "fangasi sugu na UTI sugu". Mimi nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, dawa sina. Ila jambo hili lilinitesa karibu miaka miwili, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite.

Kwangu lilianza na mkojo kuchoma. Ilikuwa masika, biashara imechangamka, sikuwa na muda wa kupanga foleni hospitali. Nikasimama dirishani duka la dawa, nikaeleza kwa sauti ya chini maana nyuma yangu kulikuwa na wanaume, nikapewa antibayotiki, siprofloksasini za siku tano. Labda kweli safari ile ya kwanza ilikuwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, maana mkojo ulitulia. Wiki iliyofuata nikaanza kuwashwa, si kidogo, muwasho wa kukuamsha usiku. Nikarudi dirishani. "Hiyo UTI haijaisha, imekuwa sugu." Nikapewa dawa nyingine yenye nguvu zaidi. Nikatulia siku chache, kisha nikawashwa zaidi ya mwanzo. Nilizunguka hivyo mara tano au sita. Zahanati moja walinipima mkojo, wakasema kuna wadudu wachache, nikachomwa sindano za siku tatu. Hakuna aliyeniambia nipande kitandani aangalie.

Nilichokuja kuelezwa baadaye ni hiki. Ukeni kuna bakteria walinzi ambao kazi yao ni kutengeneza asidi. Asidi ile ndiyo inayowafanya wengine wasistawi. Fangasi wa kandida naye mara nyingi yumo humohumo, kidogo, amekaa kimya, na mwanamke hajui kama yupo. Antibayotiki unayomeza kwa ajili ya mkojo haichagui, inaua wadudu wa ugonjwa na walinzi pamoja. Fangasi si bakteria, kwa hiyo yeye haguswi na dawa ile. Anabaki peke yake uwanjani, anazaana. Mimi nilikuwa namfyekea shamba kila mwezi kwa hela yangu mwenyewe.

Na lile la mkojo kuchoma ndilo lililonipoteza kabisa, kwa hiyo lisikilize vizuri. Fangasi wakikukwaruza ngozi ya nje ikawa nyekundu na kuvimba, mkojo ukipita juu yake unachoma. Unachoma nje, pale unapogusa. UTI yenyewe huchoma kwa ndani, chini ya kitovu panauma, unakwenda haja ndogo kila baada ya dakika chache na kinachotoka ni matone. Nilipoulizwa "unachoma nje au ndani?" nilikaa kimya, maana miaka miwili sikuwahi kujiuliza.

Sasa kuhusu ute. Wewe umeandika "natokwa na uchafu" ukaishia hapo. Uchafu gani? Wa fangasi kwa kawaida ni mweupe, mzito, unakatikakatika kama mtindi, na hauna harufu ya kusumbua. Kinachotawala ni muwasho. Ukiwa mwepesi, wa rangi ya kijivu, na harufu kama ya samaki hasa baada ya tendo la ndoa, hapo mara nyingi ni bakteria wamevurugika, na dawa yake ni metronidazoli, ile watu wanayoiita flajili. Vidonge vya fangasi hata uweke boksi zima havitasaidia. Ukiwa wa manjano au kijani wenye povu, huenda ni trikomona, na hiyo ni ya zinaa, mnatibiwa wote wawili. Lakini usijipime kwa macho tu kama nilivyofanya mimi. Dalili zinaingiliana, na unaweza kuwa na mawili kwa pamoja.

Kitunguu saumu. Naomba niseme ukweli wote, ingawa ni aibu. Niliweka. Punje moja niliyoimenya, nikaifunga kwenye kitambaa kama nilivyoelekezwa, usiku. Alfajiri nilikuwa mwaloni kusubiri mitumbwi irudi, na wenzangu wanakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa wakipiga soga, mimi nimesimama kama mlingoti. Sikukaa mpaka saa nne. Ngozi ilikuwa imeungua, na juu ya kuungua muwasho uko palepale. Kabla ya hapo nilishajaribu maji ya chumvi, siki, maji ya majani ya mpera, na dawa ya maji ile ya kuua vijidudu ambayo kopo lake limeandikwa kwamba ni ya kuoshea sakafu na vidonda. Nilikuwa naingiza kidole na sabuni ya mawese kila jioni nikidhani najisafisha. Ukeni unajisafisha wenyewe. Ukiosha ndani unawatoa wale walinzi niliowataja, na sabuni inapunguza asidi. Osha nje tu, kwa maji. Bibi zetu waliotufunda kujisafisha kwa ndani walitupenda, ila hili walituelekeza vibaya, na somo yangu mwenyewe nilimwambia hivyo hivyo. Alinuna wiki nzima.

Aliyenitoa huko ni nesi mmoja mtu mzima, hospitali ya serikali. Nilikuwa nimempeleka mtoto, akaniona ninavyokaa upande mmoja wa benchi. "Mama, wewe mwenyewe huumwi?" Nikasema niko salama. Akanitazama tu. Nikalia palepale.

Alinipandisha kitandani, akachukua ute kwa kijiti chenye pamba, maabara wakaangalia kwa darubini. Haikuchukua hata saa nzima. Fangasi walikuwepo, wadudu wengine hawakuwepo. Kipimo ambacho ningefanya tangu mwezi wa kwanza.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: mara ya mwisho umepima sukari lini? Sukari ikipanda mwilini, fangasi wanapata chakula na kinga nayo inalegea. Mtu wa kisukari anaweza kutibiwa fangasi mwaka mzima bila kupona kwa sababu chanzo kipo kwenye damu. Yangu ilikuwa 5.2, salama. Lakini nilipofika nyumbani nikamkumbuka dada yangu wa Ujiji, ambaye naye alikuwa analalamika kuwashwa, anakunywa maji kama ngamia, na sisimizi wamejaa chooni kwake hata ukimwaga maji. Tulimpeleka kesho yake. Bila hata kufunga kula, kipimo kilisoma 17. Ukifika 11.1 na una dalili, tayari huo ni ugonjwa. Leo anatumia dawa za sukari, na muwasho wake uliisha bila hata mizunguko yangu. Kwa hiyo wewe, dada, pima sukari hata kama ni mwembamba.

Akanishauri nipime na VVU. Nikashtuka, nikadhani ananishuku. Akasema wanawake 3 kati ya 4 hupata fangasi ukeni angalau mara moja maishani, wengi wao wakiwa hawana tatizo lolote jingine, ila wanaorudiwa mara kwa mara wanastahili kupimwa kila kitu kinachoshusha kinga. Nilipima. Nakushauri nawe upime, usichukulie kama tusi.

Dawa sasa, maana najua wengi mmeruka mpaka hapa. Fangasi wa kawaida, asiyerudi, hutibiwa kwa klotrimazoli ya kuingiza: kidonge kimoja cha miligramu 500 usiku mmoja, au cha 100 kwa siku sita au saba. Au unameza flukonazoli ya miligramu 150, kidonge kimoja basi. Wanaopona kwa dozi hiyo ndio wengi. Mjamzito hamezi flukonazoli, anapewa ya kuingiza ya siku saba, na fangasi wakati wa ujauzito ni jambo la kawaida kwa hiyo asiogope, aende kliniki aseme. Anayetumia dawa za kifua kikuu amwambie daktari kabla, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu ya flukonazoli. Na mafuta au vidonge vya kuingiza vinaweza kulegeza kondomu ikapasuka, hilo dirishani hawakuambii.

Sisi tunaorudiwa, yaani mara 3 au zaidi kwa mwaka, hatuponi kwa kidonge kimoja. Mimi nilipewa flukonazoli tatu kwanza: siku ya kwanza, ya nne na ya saba. Baada ya hapo kimoja kila wiki kwa miezi sita. Nilichagua Ijumaa ili nisisahau. Tafadhali usiende kuzinunua mwenyewe kwa kunisoma mimi, kwa sababu kuna kandida wa aina nyingine ambao flukonazoli haiwafanyi kitu, na hao wanajulikana kwa kuotesha ute maabara. Nesi pia hakunificha kwamba wapo wanaorudiwa wakishamaliza miezi sita, kati ya theluthi na nusu yao. Mimi nimerudiwa mara moja tu tangu nimalize, na safari hiyo nilijua chanzo: nilikuwa nimetoka kumeza antibayotiki za jino. Siku hizi nikiandikiwa antibayotiki nauliza kwanza kama ni lazima.

Kuhusu mzee wa nyumbani. Hapa usibishane naye, utachoka bure. Mimi nilimchukua wangu mpaka kwa yule nesi, aambiwe na mtu ambaye si mkewe. Akauliza moja kwa moja, "Mama, huu ugonjwa kautoa wapi?"

"Kautoa mwilini mwake, baba. Hata wewe huenda unao mdomoni na tumboni sasa hivi unavyoongea."

Akafunga mdomo, kweli nilicheka. Fangasi ukeni hahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Bikira anapata, mjane anapata. Mwanamume naye anaweza kuwashwa na kupata wekundu kichwani mwa uume, hasa chini ya govi, na akiwa na dalili hizo anapakwa dawa. Kama hana dalili hana haja ya kutibiwa. Mnaweza kupumzika tendo mpaka ngozi ipone, si kwa sababu ya kuambukizana, bali kwa sababu inauma.

Mambo ya nguo nitapita haraka, hayaponyi peke yake ila yanasaidia. Sisi wa mwaloni tunalowa saa kumi na moja alfajiri na kukauka na nguo zilezile mwilini. Sasa natembea na kanga kavu na chupi ya pamba kwenye mfuko. Na jingine: tunafua chupi halafu kwa kuona haya tunaianika chumbani nyuma ya mlango, au chini ya kanga, inakauka nusu na kunuka unyevu. Ianike juani. Jirani anajua unavaa chupi. Wale wanaokwambia uache sukari, mkate na hata ugali, waulize kama wamepima sukari yako. Kama iko sawa, kula ugali wako na migebuka.

Ukiwa na homa, tumbo la chini linauma, vidonda, au damu isiyo ya hedhi, usisubiri maoni ya watu humu. Nenda leo.

Kama huna hayo, fanya hivi wiki hii: siku mbili au tatu usiweke kitu chochote ndani, usioshe ndani, na usiende ukiwa kwenye siku zako. Ukifika useme hivi: "Nawashwa kwa miezi mitano, naomba nipimwe ute, si mkojo peke yake, na sukari." Kusanya na maboksi yote ya dawa ulizotumia, hata matupu. Mimi nilirudi siku ya pili na yangu yamejaa mfuko. Nesi aliyapanga mezani moja moja huku anataja: ya bakteria, ya bakteria, ya bakteria, ya minyoo, ya bakteria. Ya fangasi ilikuwa boksi moja tu kati ya tisa, na ndani vilikuwa vimebaki vidonge vitatu.