KSM imewashwa, mbona mashine pepe bado zinahama polepole?

Swali: Ninasimamia seva za SACCO moja hapa Kampala. Tuna mashine pepe nne za Linux (kompyuta zinazoigizwa kwa programu ndani ya seva) zinazoendeshwa kwa KVM, nyenzo ya Linux ya kuendeshea mashine pepe, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8, na zote zilitengenezwa kutokana na kiolezo kimoja. Seva ya pili iko Jinja, nasi tumeunganishwa nayo kwa laini ya megabiti 100 kwa sekunde. Niliwasha KSM, huduma ya kiini cha Linux, ili kurasa (vipande vidogo) za kumbukumbu zinazofanana ziunganishwe, na kweli matumizi ya kumbukumbu yalishuka, lakini kuzihamisha mashine hizo zikiwa kazini kunachukua muda uleule. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, hukukosea kuiwasha KSM, ila umeitegemea kwa kazi isiyo yake. KSM, iliyoingia katika kiini cha Linux toleo la 2.6.32 mwaka 2009, huunganisha kurasa zilizomo ndani ya seva moja tu. QEMU, programu inayoendesha mashine pepe pamoja na KVM, inapohamisha mashine, huisoma kumbukumbu ya mashine hiyo peke yake, kilobaiti 4 baada ya kilobaiti 4, wala haina habari kwamba ukurasa uleule umekwisha kufika Jinja pamoja na mashine iliyotangulia. Inachokiepuka ni kurasa zilizojaa sifuri, ambazo huwakilishwa na alama fupi. Tazama matokeo ya amri ya virsh domjobinfo wakati wa kuhamisha: mstari wa Constant pages unahesabu hizo tupu, na Normal pages ni zile zilizosafirishwa nzimanzima.

Gigabaiti 32 kwenye laini yenu, hata asipokuwepo mtumiaji mwingine, ni takriban dakika 46. Kuondoa udurufu njiani, yaani kutotuma tena data iliyokwisha kufika, kungefanya hivi: kila ukurasa unapigiwa hashi (alama fupi inayokokotolewa kutokana na yaliyomo), hashi hiyo inatangulia kutumwa, na upande wa Jinja unajibu kama tayari unao ukurasa wa namna hiyo. Kumbukumbu yenu yote ni kurasa 8,388,608. Kwa hashi za SHA-256, zenye baiti 32 kila moja, mzigo wa hashi peke yake ni megabaiti 256, yaani sekunde 21 hivi. Hiyo ni gharama ndogo ikiwa mashine zinachangia kiini kilekile, maktaba zilezile na faili zilezile zilizopakiwa, kama zinavyofanya zile za kiolezo kimoja. Kwa kumbukumbu iliyojaa data ya hifadhidata, faili zilizobanwa au data iliyosimbwa, usitarajie mengi.

QEMU ya kawaida haina utaratibu huo. Vipo vifaa vya mtandao vinavyowekwa pande zote mbili za laini na kukumbuka data iliyokwisha kupita, lakini ukisimba uhamishaji kwa TLS (itifaki ya kuficha mawasiliano) tangu kwenye seva, vifaa hivyo havitambui chochote kinachojirudia. Usimbaji lazima ufanyike baada ya udurufu kuondolewa, kwa mfano kwenye handaki la VPN linaloanzia nje ya kifaa hicho.

Hata hivyo, nina shaka kwamba udurufu ndio unaowachelewesha zaidi. Mashine inaendelea kuandika wakati inahamishwa, na kila ukurasa ulioandikwa upya baada ya kutumwa hurudiwa katika mzunguko unaofuata. Laini yenu inabeba takriban kurasa 3,000 kwa sekunde. Mashine inayochafua (yaani kuandika upya) kurasa nyingi zaidi ya hizo haitamaliza kamwe, na kuondoa udurufu hakutaisaidia, kwa kuwa kurasa zake mpya hazina pacha popote. Linganisha Dirty rate na Memory bandwidth katika matokeo ya amri ile ile. Kiwango cha kuchafua kikikaribia kasi ya laini, jaribu XBZRLE, ambayo hutuma tofauti tu kati ya ukurasa wa zamani na mpya, au auto-converge, ambayo huipunguzia mashine kasi ya prosesa. Njia ya post-copy, ambayo huianzisha mashine upande wa pili kwanza kisha kuvuta kumbukumbu iliyobaki, humaliza kazi kwa uhakika zaidi, lakini laini ikikatika katikati mashine husimama, kwa sababu kumbukumbu yake imegawanyika pande mbili. Kwa mifumo ya fedha za wanachama nisingeitumia kwenye laini isiyo na mbadala.

Kuna tahadhari ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa: muungano wa KSM hausafiri. Jinja itapokea kurasa zote zikiwa pekepeke, hivyo seva ya huko iwe na nafasi ya gigabaiti 32 kamili. KSM ya huko, kwa mipangilio yake ya awali ya kukagua kurasa 100 na kupumzika milisekunde 20, huhitaji karibu nusu saa kwa duru moja, na ukurasa huonekana mara mbili bila kubadilika kabla ya kuunganishwa.

Kama diski pia zinahama, anzia hapo, maana ndipo penye nafuu ya bure. Peleka faili ya kiolezo Jinja mapema usiku, na diski za mashine nne ziwe faili za qcow2 (muundo wa diski pepe) zinazoegemea kiolezo hicho na kuhifadhi tofauti tu. Siku ya kuhama mtasafirisha mabadiliko tu. Kiolezo chenyewe kifungwe kisiandikwe tena, kwani kikibadilika hata upande mmoja, diski zote nne zinaharibika.