Spika ya nje: iogope chumvi kuliko mvua

Spika yangu ya kwanza ya nje niliifunga kwenye baraza inayotazama bahari hapa Lamu, na kabla kusi haijamalizika ilikuwa imeanza kukwaruza. Nilipoifungua sikukuta hata tone la maji. Nilichokuta ni vumbi la kutu, la rangi ya hina, limejaa katika ule upenyo mwembamba ambamo koili, yaani waya uliozungushwa duara, hucheza kandokando ya sumaku.

Kosa lilikuwa tundu la besi. Sanduku lenye tundu hutoa besi nzito, lakini kila koni, yaani kiwambo kinachotoa sauti, inapotikisika hewa ya chumvi huvutwa ndani. Siku hizi naunda masanduku yaliyozibwa kabisa. Ni kweli kwamba besi huanza kupungua mapema zaidi noti zinaposhuka, ila hupungua taratibu, takribani desibeli 12 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktava, yaani kila masafa yanaposhuka kwa nusu, badala ya 24, na amplifaya yenye kirekebisho cha besi huweza kuirudisha kiasi. Spika zenye umbo la pembe, zile za misikitini, huvumilia hali ya hewa kwa miaka, lakini zimekusudiwa usemi. Ukizipigia taarabu, besi huisikii.

Kuziba nako kuna hila yake. Jua la mchana hupasha hewa iliyomo sandukuni, kisha manyunyu ya ghafla yakiipoza husinyaa na kufyonza maji kupitia ufa wowote, hasa kwenye matundu ya skrubu. Kwa hiyo sanduku la plaiwudi ya marini, ile ya kuundia vyombo vya majini, lipakwe epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji) hadi kwenye kingo na ndani ya matundu hayo, jambo ambalo fundi yeyote wa majahazi atakuelewa ukimweleza, kwani kalafati ni kazi yake. Silikoni inayonuka siki usiitumie: asidi yake ilinilia waya za shaba, nami nilikuwa nikidhani nimeziba vizuri.

Chagua koni ya polipropilini, kwa kuwa ya karatasi hunyonya unyevu, yenye ukingo wa mpira, si sponji, ambayo huku kwetu humong'onyoka. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, na nyaya ziwe zimepakwa bati. Kitambaa cha mbele kiwe kisichoshika maji, maana kikilowa huzima sauti za juu za twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Mwisho, sanduku liinamishwe kidogo mbele, maji yasituame kwenye ukingo wa koni.